Mkunga Aliyetaka Kujua Nani Anamsoma

Kwa miaka ishirini na tisa Léoncie alikuwa mkunga wa kituo cha afya cha Gasura, kilima kimoja cha Masisi kisichoonekana kwenye ramani nyingi. Kila mtoto aliyempokea alimwandika katika daftari kubwa lenye jalada jeusi la kitambaa: tarehe, saa, jina la mama, jina la baba kama alikuwapo, uzito. Siku walipokimbia vita alibeba sufuria moja na blanketi mbili, na mkono mwingine ukamshika mumewe Védaste, ambaye kifua chake kilikuwa kimekwisha kuharibika. Daftari lilibaki kabatini. Mwaka uliofuata mchuuzi wa ng'ombe aliyepita huko akamwambia kwamba kituo hakina tena hata mabati, sembuse kabati.

Védaste alifia Munigi, nje kidogo ya Goma, katika nyumba ya mbao waliyoijenga juu ya mawe meusi ya volkano. Baada ya mazishi Léoncie akabaki na mikono isiyo na kazi. Watu wa Gasura walikuwa wametawanyika, wengine kambini, wengine mjini Goma, wengine ng'ambo ya mpaka. Kila alipokutana na mmoja wao barabarani, swali lilikuwa moja: mama, mutoto wangu alizaliwa lini? Shule zilitaka tarehe. Ofisi zilitaka tarehe. Na yeye ndiye aliyekuwa na tarehe, au tuseme ndiye aliyekuwa nazo zamani.

Akaanza kuliandika daftari upya kutoka kichwani. Tarehe nyingi zilikuwa zimefutika, lakini mambo yenyewe hayakufutika. Huyu alizaliwa wiki ile daraja lilipochukuliwa na maji. Yule alizaliwa siku ya kuvuna viazi, mamake alikuja na udongo kwenye magoti. Mwingine alitanguliza miguu, na baba yake akakaa nje mvua ikimpiga kwa sababu alikataa kuondoka mlangoni. Léoncie alijaza karatasi kumi na mbili, akazikunja, akazipeleka mtaa wa Majengo, mjini Goma, kwa Ferdinand, mwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi.

Ferdinand alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alichapa ukurasa wa kwanza, akachapa wa pili, kisha akaacha kuchapa akawa anasoma tu.

"Mama Uwizeye," akasema, "hii si liste. Hii watu wa Gasura wanapaswa kuisoma popote wako."

Hivyo ndivyo blogu ilivyoanza. Ferdinand aliitengeneza kwenye kompyuta ya dukani, kila mtoto ukurasa wake, kila ukurasa namba yake. Léoncie aliweka sharti moja: asitajwe baba wa mtu, wala ukoo, wala kabila, na kama mama mwenyewe hajakubali, jina lake lisiandikwe. Watoto waliitwa kwa jina la ubatizo basi. Wenyewe wakijisoma wangejijua.

Watu wote walimwita Mama Uwizeye, na yeye aliitika, ingawa jina hilo lilimchoma kila mara. Uwizeye alikuwa binti yake wa pekee. Sasa alikuwa na miaka thelathini, kama yuko hai, na ilikuwa mwaka wa saba tangu aondoke. Aliondoka baada ya maneno makali jikoni. Siku hiyo alikuwa na homa, akamwomba mamake abaki naye, na Léoncie alikuwa tayari amevaa koti kwenda kumzalisha mke wa mwalimu. "Watoto wa watu wote unawajua kuliko mimi," Uwizeye alimwambia. Léoncie alijibu kwa haraka neno ambalo baadaye hakutaka kulirudia hata mbele ya padri. Wiki mbili baadaye binti alipanda lori na wanawake wanaouza vitenge, akavuka mpaka kwenda Uganda. Alipiga simu mara mbili. Mara ya tatu Léoncie ndiye aliyepiga, na namba ilikuwa imekufa.

Ukurasa wa arobaini na moja wa blogu ulikuwa wa Uwizeye. Léoncie aliuandika mara sita kabla hajampa Ferdinand. Aliandika baridi ya asubuhi ile, uji wa mtama ambao Védaste aliupika ukaungua, nywele nyingi za mtoto. Aliandika pia kwamba asubuhi ileile mama mwingine alifika kutoka upande wa chemchemi, akazaa mvulana kabla jua halijapanda. Kisha akaanza kungoja.

Kungoja huko hakukuwa na umbo. Ukituma barua, unangoja barua. Ukimpigia mtu, unangoja sauti. Lakini ukurasa unauweka huko, na huko hakuna mlango unaogongwa. Siku moja, akinunua mkaa karibu na duka la Ferdinand, aliingia akauliza kama mtu anayeuliza bei tu.

"Papa Ferdi, kuna namna ya kujua nani anaingia kusoma?"

"Iko," alisema Ferdinand. "Iko hata nyingi sana. Kazi ni kuchagua."

Alimvutia kiti mbele ya skrini. Alikuwa na hamu ya jambo hilo kuliko alivyoonyesha, kwa sababu shirika moja la Ulaya lilikuwa limemwandikia likisema huenda lingezichapa kurasa zile ziwe kitabu, ila kwanza lilitaka statistiques: wasomaji ni wangapi, wanawake ni wangapi, wana umri gani, wako nchi zipi.

"Angalia. Hii programu ya kwanza ni kubwa, ni ya bure, karibu dunia yote inaitumia. Inaweka alama ndani ya téléphone ya mutu. Akirudi kesho inamutambua: huyu ni yule wa jana. Itakuambia yuko muji gani, ametumia téléphone ya aina gani, amekaa dakika ngapi, ametoka ukurasa gani, ameingia gani. Ubaya wake ni kuwa nzito, inakula mégas za watu za internet. Hii ya pili ni ndogo. Yenyewe inahesabu tu. Haiweki alama kwa mutu. Leo ukurasa fulani umefunguliwa mara tano, basi. Ukitaka inakuonyesha inchi mutu aliko, usipotaka unaifunga hata hiyo. Ya tatu ni ya kulipia, tuiache."

Léoncie aliitazama ile ndogo kwa muda mfupi sana.

"Ile kubwa inaonyesha muji?"

"Inaonyesha. Lakini mama, usiiamini sana. Mutu akitumia réseau ya simu ya Uganda, inaweza kusema Kampala hata kama yuko kijijini huko mbali."

"Weka ile kubwa," alisema Léoncie.

Wiki ya kwanza walikuwa wasomaji thelathini na wanne. Ramani ilitokea kwenye skrini na nukta juu yake, na Léoncie, ambaye hakuwahi kupenda jiografia, alijifunza majina: Goma nukta kubwa, Kinshasa, Bukavu, moja Nairobi, mbili Ubelgiji. Na moja Kampala.

Ferdinand alibonyeza nukta ya Kampala kwa ajili yake. Ni simu ndogo ya bei rahisi. Imeingia dimanche, yaani Jumapili, saa tisa za mchana. Ukurasa arobaini na moja. Dakika kumi na moja.

Dimanche iliyofuata ikaingia tena, saa tisa, ukurasa uleule, dakika kumi na moja na nusu. Na dimanche iliyofuata.

"Ukurasa wenyewe unasomwa dakika tatu," alisema Léoncie. "Anafanya nini dakika kumi na moja?"

Ferdinand aliivua miwani yake, akaifuta kwa shati ambalo halikuwa safi kuliko miwani.

Kuanzia hapo maisha ya Léoncie yakawa na siku moja, nayo ni Jumatatu. Aliamka, akafua, akavaa kitenge kizuri kana kwamba anakwenda misa, akapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Majengo ili aone kama jana Kampala alikuja. Akikuta amekuja, alirudi nyumbani kwa miguu, taratibu, akisalimia kila mtu. Aliwaza chumba huko Kampala, kitanda, dirisha, binti yake ameketi ameshika simu kwa mikono miwili kama alivyozoea kushika kikombe. Anasoma, anafika mwisho, anaanza tena. Dakika kumi na moja zinatosha kusoma mara tatu na kulia kidogo. Jumatatu moja alikuta hakuna kitu, na wiki ile hakuweza kula hadi Alhamisi.

Maandishi yake nayo yakageuka. Zamani aliandika kwa ajili ya watu wote wa Gasura. Sasa kila ukurasa mpya ulikuwa na kitu kilichofichwa kwa ajili ya msomaji mmoja: namna ya kuchemsha maziwa bila kuyachoma, wimbo wa kumbembeleza mtoto, mti wa parachichi uliokuwa nyuma ya jiko lao. Wanawake wawili wa kambini walimfuata kanisani kumwuliza mbona zamu ya watoto wao haifiki. Aliwaambia watulie, zamu itafika. Moyoni alijua kwamba hakuwa hata ameanza kuwakumbuka.

Kwenye orodha ile ile kulikuwa na msomaji mwingine aliyemvutia, kwa namna ya udadisi tu. Hakutumia simu, alitumia tablette. Réseau yake ilikuwa ya ng'ambo, ya Rwanda, lakini hiyo haikumaanisha kitu, maana watu wa Kibumba, karibu na mpaka, wakipanda juu kidogo shambani simu zao hushika réseau ya upande wa pili. Aliingia asubuhi, na daima ukurasa mmoja, wa kumi na saba. Alikuwa ameufungua mara ishirini na mbili.

Ukurasa wa kumi na saba ulikuwa wa msichana wa miaka kumi na sita aliyeletwa Gasura na shangazi yake kutoka mbali, ili azae mahali ambapo hajulikani. Mtoto alikuwa mzima, mvulana. Siku ya tatu shangazi alimchukua mtoto akampa watu wengine, na msichana akarudishwa kwao. Léoncie hakuandika jina la yeyote. Aliandika tu kwamba msichana yule, kabla mtoto hajachukuliwa, aliomba ahesabu vidole vyake, akavihesabu vyote ishirini, akaanza tena.

Tablette, réseau ya mpakani, ukurasa wa kumi na saba. Léoncie aliviweka vitu hivyo vitatu pamoja jinsi alivyozoea kuweka pamoja dalili za mgonjwa, na jina la msichana yule likaja lenyewe: Nyirarukundo. Alikuwa sasa mwanamke mzima wa Kibumba, ameolewa, ana watoto wanne, na ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kuandika watoto wa chanjo. Shirika liliwapa watu wa kazi hiyo tablette.

Léoncie alifurahi. Hilo ndilo lililomwumiza baadaye kuliko yote, kwamba alifurahi. Alikwenda Kibumba Jumamosi moja kununua kabichi na karoti, akamkuta Nyirarukundo kando ya barabara, begi la kazi begani, akizungumza na wifi yake. Walisalimiana. Wifi aliposogea kupima viazi, Léoncie alimshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, kwa upendo wote aliokuwa nao:

"Nimeona umesoma. Ule ukurasa. Nimeona unarudi kila mara."

Nyirarukundo aliangalia upande wa wifi yake, kisha akaangalia begi lake.

"Umeniona wapi, mama?"

"Kwenye kompyuta ya Ferdinand. Inaonyesha. Hakuna jina, ni mimi tu nilijua, kwa sababu ya tablette."

"Na yeye Ferdinand anajua?"

"Hajui. Hajui kitu."

"Lakini akiangalia kama wewe ulivyoangalia, atajua." Alisema polepole, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mume wangu hajui, mama. Mama yake hajui. Miaka kumi na tisa. Nilikuwa nafikiri nikisoma niko peke yangu. Palikuwa mahali pangu pekee pa kumuona mwanangu."

Wifi alirudi. Nyirarukundo aliaga kwa heshima, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi kwa mama aliyemzalisha, akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Jumatatu tablette haikuwapo kwenye orodha. Jumatatu ya pili haikuwapo. Ya tatu, Léoncie hakuuliza kwanza habari za Kampala. Alimwomba Ferdinand afungue ukurasa wa kumi na saba. Tangu siku ya kabichi hakuna mtu aliyeugusa.

Alikaa kwenye kiti cha wateja huku watu wakiingia kutoa fotokopi na kutoka. Miaka ishirini na tisa alikuwa ameingia vyumba ambavyo hata waume hawakuingia, akaona yaliyoonekana humo, akatoka na mdomo uliofungwa. Hakuna mwanamke wa Gasura aliyewahi kumwogopa. Sasa alikuwa amemfukuza mmoja kutoka kando ya mtoto wake kwa kumwambia tu: nimekuona. Na Uwizeye je? Kama yule wa Kampala ni yeye, anakuja dimanche kwa sababu anaamini mamake hamwoni. Akijua kwamba mamake anahesabu dakika zake, atakuja tena?

"Papa Ferdi," alisema watu walipopungua. "Hii uiondoe. Uweke ile ndogo."

Ferdinand aligeuza kiti chake. "Kuna kitu kimetokea?"

"Kuna mutu nimemukosea. Usiniulize nani."

"Na lile shirika? Wanataka umri, wanataka inchi. Nikiwapa hesabu ya kufunguliwa tu watasema nini?"

"Watasema watakachosema."

Ferdinand alipapasa kibao cha herufi. Halafu akauliza lile ambalo wote wawili walikuwa wanalizunguka. "Na Kampala?"

Nje, tshukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, ilipita na mzigo ikilia juu ya mawe, na Léoncie akaingoja ipite.

"Ile ndogo unaweza kuiacha ionyeshe inchi," Ferdinand alisema kwa upole. "Uganda ni kubwa, mama. Hapo hakuna mutu utamutambua. Ungejua tu kama Uganda wamekuja."

Alikuwa anamtupia kamba, na Léoncie aliiona. Uganda, moja, dimanche. Ingemtosha kuishi. Lakini alijijua. Angeanza na Uganda, mwezi ujao angeuliza saa, mwezi wa pili angeuliza aina ya simu.

"Funga na hiyo," alisema. "Mimi ukinipa inchi, nitatafuta nyumba."

"Nifute na ya zamani yote?"

"Ngoja. Nionyeshe kwanza."

Alimfungulia ramani kwa mara ya mwisho, akamwachia kiti chake, akaenda kusimama mlangoni akajifanya anatazama magari. Léoncie aliiangalia nukta ya Kampala. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mtama. Dimanche kumi na tatu: alikuja mara kumi na moja, akakosa mbili. Aliisogelea hadi macho yakaona rangi tu. Kisha akasema, "Tayari," na Ferdinand akarudi akafuta.

Juu ya blogu, Léoncie aliomba pawekwe maneno haya, na Ferdinand aliyaandika kama alivyoyasema: *Hapa tunahesabu ukurasa umefunguliwa mara ngapi. Hatujui nani ameufungua, wala yuko wapi. Ukitaka nikujue, niandikie wewe mwenyewe.* Chini yake ikawekwa namba ya WhatsApp ya duka. Shirika lilijibu barua ya Ferdinand kwa adabu, likasema litaangalia upya mpango wake. Hadi leo bado linaangalia.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Jumatatu zilirudi kuwa siku kama nyingine, naye hakujua afanye nini nazo. Dimanche saa tisa alikaa nje ya nyumba, mgongo ukiwa kwenye mbao zenye joto, akajaribu kuamini kwamba wakati huo huo mtu anasoma. Wakati mwingine aliamini. Mara nyingi aliona tu mlima na moshi wake, na watoto wa jirani wakichuna mboga. Aliwarudia wale wanawake wawili wa kambini, akawaomba msamaha, akawaandikia watoto wao kurasa mbili, moja nzuri na nyingine ya kawaida. Ferdinand akimwambia hesabu, ilikuwa namba kavu: huu saba, huu kumi na mmoja, huu mbili. Siku moja alimwambia wa kumi na saba umefunguliwa mara nne wiki hii. Léoncie alitikisa kichwa, akabadilisha mazungumzo. Huenda alikuwa Nyirarukundo. Huenda alikuwa mtu wa Ubelgiji asiyemjua yeyote.

Mwezi wa nane ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya duka. Ferdinand aliusikiliza nusu, akausimamisha, akamwita mwenye moto amfuate Mama Uwizeye Munigi.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya taratibu, yenye haya.

"Mama Léoncie, salamu. Mimi naitwa Jean-de-Dieu. Niko Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi. Nimeona umeandika kwamba hautujui mpaka tukuandikie, basi nakuandikia. Mama yangu alikufa nikiwa mudogo. Alikuwa ananiambia nilizaliwa siku moja na mutoto wa mkunga. Sasa ule ukurasa wa arobaini na moja, pale unasema kuna mama alitoka upande wa chemchemi, akazaa kijana. Nafikiri ni mimi. Kila dimanche nikitoka kwenye ibada rafiki yangu ananipa téléphone yake, nausoma. Mimi nasoma polepole, mama, sikusoma masomo mengi. Wananiuliza tarehe ya kuzaliwa kwa ajili ya karatasi zangu, na mimi sina. Kama unaikumbuka, unisaidie. Na kama si mimi, unisamehe kwa kukusumbua."

Léoncie aliomba ausikie tena. Ferdinand aliurudisha. Mara ya pili neno *polepole* lilimwingia vizuri, na akaelewa dakika kumi na moja zilikuwa za nani. Hapakuwa na chumba, wala dirisha, wala mikono miwili iliyoshika simu kama kikombe. Aliketi akiwa amefumba macho. Uwizeye aliondoka mara ya pili, na safari hii hakukuwa na lori la kulitazama likipotea.

"Pole, mama," alisema Ferdinand.

"Sema naye mimi ninakuja kujibu. Nipe dakika."

Alizichukua nyingi. Alipofungua macho alikuwa anaikumbuka asubuhi yenyewe, na si jinsi alivyoiandika. Hakuwa ameandika lote. Mama wa mvulana yule alipofika na uchungu, kituoni hapakuwa na mtu mwingine wa kumpokea. Msaidizi alikuwa amekwenda chemchemi kuchota maji. Léoncie, aliyekuwa amejifungua saa moja tu iliyopita, alimfunga Uwizeye katika kitenge, akamlaza peke yake kitandani, akashuka akashikilia ukuta, akaenda kumpokea mtoto wa mwenzake. Uwizeye alilia muda wote ule. Alikuwa na saa moja duniani, na mamake alikuwa tayari amekwenda kwa watoto wa watu.

Akashika simu, akabonyeza.

"Jean-de-Dieu mwanangu, ni wewe. Mama yako alikuwa na kovu hapa, kwenye kidevu, na alicheka hata akiwa na uchungu. Ulizaliwa tarehe tisa, mwezi wa sita, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tano, asubuhi. Tarehe nyingi zimenipotea, lakini hiyo haiwezi kunipotea. Nitakuandikia karatasi, nitaweka mukono wangu, Papa Ferdi atakutumia."

Alikitoa kidole kwenye simu, akaona hajamaliza, akabonyeza tena. "Na mimi nina neno moja la kukuuliza. Binti yangu Uwizeye aliingia Uganda miaka saba iliyopita. Mnalingana siku. Umewahi kumusikia?"

Jibu lilikuja kabla hajatoka dukani. "Sijamusikia, mama. Huku tuko watu wengi. Lakini nitauliza kanisani, na kwa wale wa Masisi wenye kukaa upande wa chini. Nitauliza kweli."

Siku ileile Léoncie aliketi kando ya Ferdinand, akamsomea sehemu iliyokosekana ya ukurasa wa arobaini na moja, naye akaiongeza: kitenge, ukuta, kilio. Mwishoni aliongeza sentensi tatu zilizomchukua muda mrefu kuliko kurasa nyingine zote. *Mwanangu, nilikuacha ukiwa na saa moja. Siku ile ya homa nilikuacha tena, nikakujibu vibaya. Ulisema kweli, na mimi ndiye niliyekosa.* Ferdinand aliuliza kama ana hakika, kwa kuwa kila mtu ataisoma. Alisema ana hakika.

Ukurasa ule ulifunguliwa mara sitini wiki ile, mara ishirini wiki iliyofuata, kisha ukarudi kwenye tatu, nne, kama nyingine. Hakuna namba ya Uganda isiyojulikana iliyopiga. Léoncie hakuacha kuandika. Alifika ukurasa wa mia moja na tatu.

Karatasi za Jean-de-Dieu zilipokubaliwa alipiga simu yenye picha, dimanche, na Ferdinand aliyefungua duka kwa ajili hiyo tu aliisimamisha simu mbele ya kopo la kalamu. Uso wa mwanamume ulitokea, mpana, na kidevu cha mamake kisicho na kovu. Alishukuru kwa maneno mengi aliyokuwa ameyaandaa. Yalipokwisha akajikuna shingo.

"Mama, naweza kuuliza? Nilipozaliwa, nililia?"

"Hapana," alisema Léoncie. "Wewe ulikuwa kimya, hata niliogopa. Nilikusugua mgongo, nikakupuliza usoni. Bado kimya. Ndipo ukamsikia yule mwenzako analia chumba cha pili, ukamjibu."

Jean-de-Dieu alicheka, halafu akaacha kucheka. "Alilia kwa nguvu?"

"Kwa nguvu sana," alisema Léoncie. "Ungemsikia hata ungekuwa barabarani."